Siku Mama Mkwe Alipofutwa

Kwenye kituo cha utafiti wa nafaka walimwita Bwana Enta, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kitufe cha enta alikipiga kwa kidole cha kati, kutoka juu, kwa kishindo cha karani anayegonga muhuri, na sauti ilipenya ukuta wa mbao hadi chumba cha pili, ambako wasichana wa darubini walitazamana na kusema, "Huyo kamaliza sentensi nyingine."

Kazi yake ilikuwa kutunza kanzidata ya wadudu waharibifu wa nafaka: fukusi, dumuzi, nondo na jamaa zao wote, kila mmoja na siku aliyokamatwa, mahali alipokutwa, na mtu aliyemkamata. Wadudu wenyewe walikuwa chumba cha nyuma, wamechomwa pini kwenye droo, kila pini na kikaratasi chake. Rekodi zilikuwa elfu sabini na mbili na ushee. Wenzake wote walitumia kipanya, wakibofya vipicha vya rangi rangi. Bwana Enta hakuwa na kipanya mezani. Alisema kituo kinachohangaika na maghala ya watu hakina haja ya kufuga panya, hata awe wa plastiki. Yeye alifungua dirisha jeusi lenye herufi nyeupe, akaandika amri, akapiga enta, jambo likawa. Hata amri zenyewe alikuwa amezibadilisha majina kwa Kiswahili, maana, alivyosema, huwezi kumtuma mtu kazi kwa lugha usiyoweza kugombana kwayo. Tafuta. Hesabu. Badilisha. Futa.

Kanzidata ya kweli aliiita asili. Kando yake aliweka nakala ya kujaribia, ili amri yoyote nzito ipite huko kwanza, na ikiharibu, iharibu nakala. Kila Ijumaa aliifuta nakala hiyo na kuchota nyingine mpya kutoka kwenye asili. Na nakala hiyo, miaka minne nyuma, siku ambayo hakuwaza mbali, aliibatiza mamamkwe.

Sasa, mama mkwe wake wa kweli alikuwa mtu wa prufu. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye kiwanda cha uchapaji, kalamu nyekundu mkononi, akisoma kurasa kabla hazijaingia mashineni: vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, matangazo ya vifo. Alijivunia kwamba hakuna bibi harusi aliyewahi kuolewa kwenye kadi na mume wa mwenzake kwa sababu ya herufi iliyompita yeye. Alistaafu macho yalipoanza kufanya ukungu. Wiki tatu hizi alikuwa amekuja kwa bintiye kutolewa mtoto wa jicho, na bandeji ilipofunguliwa akaitazama dunia akaona imejaa makosa. Alisahihisha paketi ya chumvi. Alisahihisha ubao wa kinyozi wa mtaani, na kinyozi, mtu wa adabu zake, akatafuta rangi akaongeza herufi iliyokosekana. Bwana Enta, aliyemheshimu mama mkwe kama watu wanavyoheshimu waya wa umeme ulioanguka, aliacha kabisa kumwandikia ujumbe wa simu. Alikuwa anapiga.

Jumanne moja asubuhi mkewe alimwambia, akifunga viatu, "Mama ana miadi ya jicho saa nane, na kliniki iko ng'ambo ya barabara kutoka kwenu. Utatoka naye sasa."

"Atakaa wapi mpaka saa nane?"

"Si una kiti?"

"Kimoja."

"Basi wewe utasimama."

Hakusimama. Aliazima kigoda kwa wasichana wa darubini, ambao walimpokea mama kwa shikamoo za mfululizo na furaha iliyozidi kiasi, kisha wakarudi kwenye chumba chao na kuacha mlango wazi. Mama akaketi kwenye kiti chenye magurudumu, mkoba magotini, miwani ya jua juu ya kichwa. Bwana Enta akafungua dirisha lake jeusi.

Mazoea yana taabu: mkono hutangulia, akili ikafuata nyuma ikihema. Ijumaa iliyopita hakuifuta nakala, kwa sababu alishinda nyumbani akipokea majirani waliokuja kulitazama jicho la mama. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Jumanne ilikuwa hiyo, na mkono ukaiandika wenyewe:

futa mamamkwe

Akapiga enta. Mashine, ambayo yeye mwenyewe aliifundisha kuwa na tahadhari, ikauliza kwa herufi nyeupe zilizoonekana hata kutoka mlangoni: Una hakika unataka kufuta mamamkwe? Jibu ndiyo au hapana.

Nyuma ya ukuta wa mbao viti vikasogezwa kuelekea mlangoni. Bwana Enta alitamani sakafu ifunguke, lakini ilikuwa sakafu ya saruji.

"Mjibu, baba," mama akasema kwa upole. "Anakungoja."

Akaandika hapana. Akapiga enta kwa ncha ya kidole, kimya, kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba yenye msiba.

"Na mama mkwe ni maneno mawili," mama akaendelea. "Umeyaunganisha."

"Mashine hii haipendi nafasi, mama. Ukiacha nafasi inadhani ni watu wawili."

"Kwa hiyo nikiandikwa vizuri, atafutwa mama, halafu mkwe naye."

Bwana Enta akakubali kwamba ndivyo ingekuwa. Kutoka chumba cha pili kilisikika kikohozi cha mtu aliyekabwa na chai. Akajieleza haraka haraka: kwamba hiyo ni nakala tu, kwamba kila amri kubwa lazima ipite hapo kabla ya kuruhusiwa kuigusa asili, kwamba isipopita hapo haipiti popote.

"Yaani ndiye mkaguzi wako."

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana ya jina."

"Na ukishamkaguza unamfuta."

"Kila Ijumaa."

"Halafu?"

"Halafu namrudisha."

Mama akaitafakari habari hiyo. "Miaka minne nakagua na kufutwa, na sijawahi kuumwa hata kichwa," akasema, akashusha miwani ya kusomea puani. "Endelea na kazi."

Kabla hajaendelea, Mkurugenzi akaingia. Alikuwa mwanamke mrefu asiyependa kurudia neno. Akamwamkia mama, kisha akasema, "Wageni wa mradi wanafika kesho saa tatu. Nataka idadi ya mahali dumuzi alipokutwa, ya mpaka leo, kabla ya saa kumi. Ile ya mwaka jana ilikuwa mia moja tisini na kitu, siyo?"

"Sasa hivi, bosi," akasema Bwana Enta, na sauti yake ikapata nguvu, maana hapa alikuwa nyumbani. Akaingia kwenye asili, akaandika amri moja ndefu, akapiga enta kwa kishindo chake cha kila siku. Jibu lilitoka kabla Mkurugenzi hajageuka: 212.

"Anasambaa," Mkurugenzi akasema, uso ukiingia wasiwasi. Akatoka.

Bwana Enta akamgeukia mama, akijaribu kutoonyesha kwamba anangoja sifa. Mama hakuwa anamtazama yeye. "Hayo majina ya mahali yenyewe yako wapi?" akauliza.

Akamtolea orodha, majina mia mbili na kumi na mawili, moja chini ya jingine, kila moja likifuatwa na kistari. Mama akasogeza kiti. Alisoma kama walivyosoma kiwandani, kidole kikishuka mstari kwa mstari, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika nusu, kidole kikasimama.

"Mtoni Kati ni mahali pangapi?"

"Pamoja, mama."

"Hapa ni patano. Huyu ana herufi kubwa mbili. Huyu neno lake la pili limeanza na herufi ndogo. Huyu ameunganishwa, kama nilivyounganishwa mimi. Huyu amekosa a. Na huyu wa mwisho," akagusa kioo kwa ukucha, "kaandikwa sawasawa, ila kistari chake kimesukumwa. Kuna nafasi mtu aliiacha mwishoni."

Bwana Enta akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Kweli, kistari kinachofuata jina kilikuwa kimesogea upana wa herufi moja. Miaka kumi na moja alikuwa akitazama orodha kama hizo. Na mashine, ambayo haina aibu wala huruma, ilikuwa imehesabu Mtoni Kati mara tano, kwa sababu kwake herufi kubwa na ndogo si ndugu, na jina lenye nafasi mwishoni ni mtu mwingine kabisa.

Walishuka na orodha yote. Bondeni ilikuwa mara nne. Njiapanda mara sita. Mama alitaja, yeye akaandika kwenye karatasi. Mwisho wake yalikuwa majina arobaini na tisa yasiyostahili kuwapo.

"Wakusanyaji hawa," akasema kwa uchungu. "Mtu yuko porini, jua kali, anaandika ovyo. Halafu lawama zinakuja kwangu."

"Inajulikana nani aliandika kila moja?"

Ilijulikana. Kila rekodi ilikuwa na alama ya aliyeiingiza; yeye ndiye aliyeshikilia jambo hilo kwenye mkutano mmoja mrefu, ili kila mtu abebe mzigo wake. Akaandika amri. Kati ya makosa arobaini na tisa, thelathini na nane yalikuwa na alama yake mwenyewe.

Nyani haoni kundule, wahenga walishasema, ila hawakusema nyani afanye nini siku anapowekewa kioo na mama mkwe kakaa pembeni. Bwana Enta alitazama alama zile, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Zilikuwa bado thelathini na nane. Aliwahi kumrudishia msichana wa darubini jedwali zima kwa ajili ya herufi mbili, na akamwandikia barua ya onyo.

Mama akamsogezea ile karatasi ya majina.

"Nimekuwa nikitoa idadi hii kila mwaka," akasema Bwana Enta hatimaye. "Miaka minne."

"Basi leo utatoa nyingine. Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa tano na nusu. Uhai ukamrudia mkononi. Kama kuna jambo aliloliweza ni kubadilisha vitu vingi kwa pigo moja, na akaanza kuandika amri ambazo zingekusanya majina yote yaliyopotea na kuyarudisha kwa wenyewe. Mtoni Kati, mistari mitano, amri moja. Aliandika haraka, bila kuvuta pumzi. Akafika kwenye jozi moja, Kisimani na Visimani, akaandika: badilisha Visimani kuwa Kisimani. Kidole cha kati kikapanda juu.

Mama akamshika kifundo cha mkono. Katika miaka tisa ya ukwe wao hakuwahi kumgusa zaidi ya salamu.

"Huku juu kumeandikwa asili," akasema. "Leo mkaguzi humpitishii?"

Bwana Enta akatazama. Mwanzo wa mstari ulikuwa umeandikwa asili, kwa herufi ambazo yeye mwenyewe alizipaka nyekundu ili zimtishe. "Nakala ni ya zamani, mama," akasema taratibu. "Ina siku kumi na moja. Kuipata mpya, lazima kwanza..." Akaacha hapo.

"Lazima kwanza nifutwe."

"Ndiyo."

"Na umeona haya."

"Ndiyo, mama."

Akamwachia mkono, akajiegemeza kitini. "Wewe mtoto utatuulia kazi kwa heshima. Nifute."

"Mama..."

"Nifute, baba. Kama kazi yangu ni kukagua, afadhali nifutwe nirudi mpya kuliko nikae hapo nimechakaa, watu wananizunguka."

Akaandika amri ile ile ya asubuhi. Mashine ikauliza kama ana hakika. Bwana Enta akamtazama mama, mama akatikisa kichwa kuitikia, kwa uzito wa mtu anayetia sahihi hati ya nyumba. Ndiyo, enta. Mamamkwe akatoweka. Katika chumba cha pili mmoja wa wasichana alisema kwa sauti ya chini, "Amemfuta kweli," na mwenzake akamnyamazisha.

Kuchota nakala mpya kulihitaji dakika ishirini na tano. "Twende tukaone vikaratasi vyenyewe," mama akasema. "Mwandishi humsahihishi kwa kukisia. Unarudi kwenye mswada."

Wakaingia chumba cha nyuma, kwenye harufu ya dawa ya nondo na mbao za zamani. Bwana Enta alikuwa hajafungua droo zile kwa zaidi ya mwaka. Yeye alijua wadudu kwa namba zao tu. Alivuta droo ya dumuzi, na mama akaomba lenzi. Akainama juu ya vidudu vyeusi vidogo kuliko punje ya mchele, akasoma vikaratasi vilivyo chini yao, vya ukubwa wa ukucha, vilivyoandikwa kwa wino na mtu ambaye alishastaafu.

"Kisimani," akasoma. "Ghala la shule, upande wa mto." Akasogea. "Visimani. Ghala la kinu, njia ya mlimani." Akainua kichwa. "Mkono ni wa mtu mmoja, siku zimepishana mbili. Huyu hakukosea. Ni mahali pawili. Pa kwanza pana kisima kimoja, pa pili vingi."

Bwana Enta alichukua lenzi akasoma mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Rekodi mia tatu na kumi na nne za Visimani zingehamia Kisimani kwa pigo moja la kidole, na hakuna ambaye angejua, na yeye angekwenda kula chakula cha mchana akiwa na furaha. Akaifunga droo polepole sana.

Walifanya kazi hivyo mpaka saa nane kasoro, yeye akikimbia kati ya droo na dirisha jeusi, mama akisoma. Kila amri ilianza kwenye nakala. Mama alitazama matokeo, akasema "pita", ndipo ilipokwenda kwenye asili. Mara moja tu alisema "rudi", na kweli Bwana Enta alikuwa ameandika Njapanda. Alizuiwa kosa la hamsini.

Saa nane alimvusha barabara hadi kliniki. Saa tisa kasorobo mama alirudi mwenyewe, bila kuitwa.

"Daktari amesemaje?"

"Jicho zuri. Amesema nisisome sana."

"Na mama umemwambiaje?"

"Nimemwonyesha kwenye cheti changu pale alipoandika jicho la kulia badala ya la kushoto. Ananiandikia kingine."

Saa kumi kasoro dakika tano Bwana Enta alisimama mbele ya meza ya Mkurugenzi, akiwa na karatasi. Idadi mpya ilikuwa mia moja sitini na nane. Majina matano kati ya yale arobaini na tisa yalionekana kuwa ya kweli kama Visimani, kwa hiyo yalibaki. Alieleza yote, pamoja na alama zile thelathini na nane. Nusu ya njia alifikiria kuziruka, akakumbuka nani ameketi kwenye kiti chake, akazitaja.

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo miaka minne tumewatia watu hofu kwa herufi," akasema.

"Dumuzi yupo, bosi. Ila hakusambaa kama tulivyosema."

"Kesho utawaambia wewe. Siyo mimi."

Aliwaambia. Alisimama mbele ya wageni tisa wenye kalamu, akasema idadi za nyuma zilikuwa na makosa, na mengi yalikuwa yake. Mmoja wao, mwanamume mwenye ndevu nyeupe, akauliza makosa yaligunduliwa kwa njia gani, kama kuna programu mpya.

"Mama mkwe wangu," akajibu.

Wageni wakacheka, wakaandika. Walidhani anawafanyia utani. Wasichana wa darubini, waliokuwa nyuma kabisa, walicheka kuliko wote, lakini safari hii mmoja wao alimwinulia kidole gumba.

Jumamosi mama aliondoka. Mkurugenzi alikuwa ametuma neno kwamba angefurahi kama mama angekuja siku mbili kwa wiki, kwa posho, na mama akajibu kwamba ameheshimiwa sana lakini kuku wake hawana mtu. Akamwachia mkwe wake karatasi ya penseli, mwandiko ulionyooka kama uzio. Iliorodhesha vikaratasi vya wadudu kumi na kimoja ambavyo hakuviamini, kila kimoja na namba ya droo yake. "Hivi usivibadilishe kwa kukisia," alisema kituoni pa mabasi. "Wapigie waliovikusanya. Wengine bado wako hai."

Wiki ya kwanza Bwana Enta alimaliza vinne. Ya pili alimaliza viwili, kisha ikaja kazi ya ripoti, kisha mtoto wake akaugua mafua, na karatasi ikafunikwa na karatasi nyingine, mambo ya dunia. Jumatatu ya wiki ya nne, saa nne asubuhi, simu yake ya mkononi ikaita mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko? Hicho cha saba kimesemaje?"

Bwana Enta aliikwepesha simu kidogo na mdomo, akainuka kitini bila kelele. "Ndiyo niko kwenye droo hapa, mama," akasema, akienda haraka kwa kunyata kuelekea chumba cha nyuma. "Ngoja nivute lenzi."

"Vuta taratibu," mama akasema. "Nasikia viatu."